Bega Linalotoka Kila Mara, Kurudishwa Peke Yake Hakutoshi

Assalaam aleikum. Hii nilitaka kuiandika siku nyingi na sasa nimepata wasaa, msimu wa karafuu unakaribia na najua wako vijana watapanda mikarafuu huku mabega yao wanayajua wenyewe. Naongea na yule ambae bega lake limeshatoka zaidi ya mara moja. Lilitoka kwenye mpira likarudishwa, likatoka tena wakti anavaa shati likarudishwa, na saa hizi analirudisha mwenyewe kwa kujiegemeza ukutani na watu wa mtaani wanamuona hodari. Ndugu yangu, hilo bega ndani limechanika, kila linapotoka linazidi kuharibika, na iko opresheni ya kulitibu ambayo watu wanafanyiwa na wanarudi kwenye kazi zao. Nayajua haya kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume ambae tumehangaika nae mimi na mama, na baada ya yeye kutibiwa niliwauliza madaktari na mtu wa mazoezi kila suali lililokuwa moyoni mwangu, mengine nikasoma mwenyewe usiku watu wamelala.

Bega Mwenyezi Mungu kaliumba lizunguke kuliko kiungo chengine chochote cha mwili, na ndo mana linatoka kuliko kiungo chengine chochote. Nyonga ina shimo la maana, kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani. Bega halina shimo hilo. Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa, ndo hali ilivyo, kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kikombe chake ni kidogo halafu hakina kina. Kinachokizuia kichwa kisiteleze ni vitu laini, kuna gegedu ngumu inayozunguka ukingo wa kikombe ambayo madaktari wanaiita labrumu, kuna kano na mfuko wa kiungo vilivyoshikana na hiyo labrumu, na nje yake ndo misuli.

Sasa bega likitoka, mara nyingi sana, zaidi ya tisini kwa mia, linatokea kwa mbele. Kijana likimtoka kwa nguvu ile labrumu ya mbele inabanduka kwenye mfupa. Wakilirudisha, kichwa kinaingia pahala pake na maumivu yanapoa na kila mtu anasema alhamdulillah limerudi, lakini labrumu hakuna aliyeirudisha, inabaki imelegea au inaganda chini ya ukingo pale ilipoteremkia, na upande wa mbele hauna tena wa kuuzuia. Na si hilo tu. Wakti kichwa kimekaa nje kinakandamizwa na ukingo wa kikombe, kwa hivyo nyuma ya kichwa linaingia bonde, linaitwa Hill-Sachs kwa majina ya madaktari wawili wa picha wa Marekani walioandika habari zake 1940. Na ule ukingo wenyewe nao unamegeka, au unasagika kidogo kidogo kila safari. Hapa ndo penye shina la maneno yangu yote ya leo kwa hivyo nitaparudia sana, kila linapotoka linakula mfupa, na mfupa ukishaliwa mno ile opresheni nyepesi haifai tena.

Mdogo wangu alikuwa golikipa, na msimu ukifika mchumaji. Bega la kulia lilimtoka mara ya mwanzo golini, aliruka kuufuata mpira wa juu akaangukia mkono ulionyooka. Alikuwa hajafika miaka ishirini, na hili la umri hatukuelezwa na mtu katika kituo tulichompeleka siku ile, tulipewa dawa za maumivu na kitambaa cha kuning'iniza mkono tukaambiwa apumzike. Kumbe umri ndo unaosema zaidi kuliko chochote. Kijana wa kiume chini ya miaka 20, tena anaecheza mchezo wa kugongana au wa mikono juu, bega likimtoka mara moja basi uwezekano wa kutoka tena ni mkubwa, tafiti nyingi zinasema zaidi ya nusu yao na nyengine zinapanda mpaka themanini na tisini kwa mia. Mtu aliyepita miaka 40 kwake linarudia kwa nadra zaidi ila yeye ana khatari nyengine, kano za misuli inayolizunguka bega zinachanika, kwa hivyo mzee aliyeanguka bega likarudishwa na baada ya wiki mbili tatu mkono haunyanyuki asiambiwe ni uzee, apelekwe akapigwe picha.

Wanaochuma karafuu watanielewa haraka. Umesimama kwenye tawi, mkono mmoja umekumbatia shina, mwengine umeunyoosha juu hadi nyuma ya kichwa na upembo, unalivuta tawi la mbali lije, kiganja kimegeukia nje. Mkao huo, mkono juu na umegeuzwa nje, ndo hasa mkao ambao bega lililobanduka labrumu linatoka. Ndo mkao wa kipa pia, na wa mvuvi anaerusha kimia, na wa abiria aliyeshika bomba la gari la shamba halafu dereva akafunga breki. Mdogo wangu lilimtoka juu ya mti. Sisi tulikuwa chini tunaokota, tukasikia anamwita mwenzake kwa sauti ambayo si yake, tulipotazama juu mkono wa kulia umening'inia mbali na ubavu hawezi kuurudisha mwilini, bega lile duara halipo, pametokeza ncha, na yeye kashika mti kwa mkono mmoja uliobaki. Wenzake walimfunga kamba kiunoni wakamteremsha tawi kwa tawi. Mama alikuwa anasoma Ayatul Kursiy tokea alipokuwa juu mpaka miguu ilipogusa chini.

Siku hiyo lilirudishwa na mzee mmoja wa kijijini anaekanda viungo. Huyu mzee namheshimu na sitaki mtu asome hapa adhani nawadharau mafundi wetu, alimlaza kijana kwa kifudifudi kwenye kitanda mkono umening'inia, akapaka mafuta ya nazi ya vuguvugu, akauvuta chini pole pole bila kukurupuka mpaka misuli ikachoka na bega likaingia lenyewe. Madaktari wana njia karibu na hiyo, mgonjwa analala kifudifudi na uzito unafungwa kwenye mkono. Tatizo haliko kwenye mkono wa yule mzee. Tatizo ni kwamba hakuna kukanda kunakoshona labrumu, na pia bila ya eksirei huwezi kujua kama pamoja na kutoka kuna mfupa uliovunjika, na mfupa uliovunjika ukiuvuta unaweza ukauharibu zaidi. Jambo jengine ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya hata nyumbani ni kumgusa ngozi ya nje ya bega, pale watu wanapochanjwa, umuulize anahisi? Neva inayopita chini ya kiungo inaweza ikavutika bega likitoka, na ikivutika pale panakuwa na ganzi. Mara nyingi inarudi yenyewe kwa wiki au miezi lakini daktari lazima aambiwe, na iangaliwe kabla bega halijarudishwa na baada ya kurudishwa.

Mwisho likawa linatoka usingizini. Ananyanyua mkono kichwani katika kugeuka, anaamka na ukelele. Akawa analala kajifunga mkono na kikoi ubavuni, fundo kalikaza kiasi asubuhi ngozi ina alama, na mimi nikiona ile alama nakosa raha kabisa. Mpira kaacha. Kusali akinyanyua mikono kwa takbira ananyanyua wa kushoto vizuri na wa kulia mpaka kifuani tu. Hapo ndo mama akasema basi, huyu mtoto tunavuka.

Safari zenyewe, boti ya bandari ya Mkoani kwetu Pemba mpaka Unguja, rufaa, kisha Dar es Salaam, sitaki kuzieleza kwa urefu, kila Mpemba aliyepeleka mgonjwa anazijua. Kwa asiyejua, kwa mambo makubwa ya mifupa Tanzania ipo taasisi yake maalum, MOI pale Muhimbili, imeanzishwa 1996, na watu wetu wengi wanaishia huko. Naomba tu mtu mwenye bega la namna hii akisafiri kwa boti asibebe begi upande mbovu na asishike chuma cha juu kwa mkono ule bahari ikichafuka.

Nataka nieleze jinsi daktari alivyompima mana pale ndo nilifahamu ugonjwa wenyewe. Alimlaza chali kitandani, bega limekaa ukingoni mwa kitanda, akaunyanyua mkono mpaka ukawa sawa na bega, kiwiko kimekunjwa, halafu akaanza kuugeuza nje taratibu, kiganja kinaelekea kichwani. Mdogo wangu hakusema anaumwa. Uso ulibadilika, macho yakamtoka, mkono wa kushoto ukaruka wenyewe kumshika daktari. Daktari akasimama hapo hapo. Akaweka kiganja chake mbele ya bega akalisukuma kidogo kuelekea nyuma, akaendelea kuugeuza ule mkono, na safari hii ukapita, uso ukatulia. Akanambia, "Dada, umeona? Hiyo sio maumivu, hiyo ni khofu, bega linamwambia linataka kutoka. Nikilizuia kwa mbele anapata amani. Kwa hivyo kinachokosekana kiko mbele." Kisha akaagiza sitiskani, ile picha ya mashine inayouonesha mfupa kwa undani, na nilipouliza kwani eksirei haitoshi akasema, "Sitaki kuhisabu limetoka mara ngapi, nataka kuhisabu mfupa uliobaki." Picha ilipokuja akatuonesha kikombe cha bega la kushoto na cha kulia ubavu kwa ubavu. La kushoto chini ni duara limejaa. La kulia upande wa mbele duara limekatika, pamekwenda mstari wima, na kile kilichokatika hakipo tena, kimesagika miaka yote ile.

Kuhusu kutibu, watu wa zamani walihangaika nalo sana hili bega. Hippocrates, tabibu wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka mia nne kabla ya Nabii Issa, alikuwa anachoma kwapani kwa chuma cha moto ili kovu likaze upande ambao kichwa kinatokea, na aliwalaumu matabibu wa wakti wake waliokuwa wanachoma upande usiohusika. Fikira yake ya kutafuta mlango wenyewe ilikuwa sawa hata kama dawa ilikuwa ya mateso. Mjerumani Perthes 1906 alishaandika kuwa ni labrumu ya mbele iliyobanduka na kwamba ishonwe, na Muingereza Bankart, daktari wa London, akalisimamia neno hilo 1923 na tena 1938, akisema kubana bana mfuko wa kiungo hakuna maana kama ile iliyobanduka haijarudishwa kwenye mfupa. Mpaka leo labrumu iliyobanduka inaitwa kwa jina lake na opresheni yake pia inaitwa Bankart. Katikati hapo ikatamba opresheni nyengine, Putti-Platt, iliyoandikwa 1948, wanakunja na kukaza msuli wa mbele. Bega lilikuwa halitoki kweli, lakini na mkono ukawa haugeuki nje, na baada ya miaka kiungo kikawa kinasagika. Kwa mchumaji karafuu au kipa bega lililofungwa namna hiyo ni bega lililoachishwa kazi, kwa hivyo mtu akikwambia anakukazia tu, muulize anakukazia nini.

Bankart ya siku hizi mara nyingi inafanywa kwa kamera kupitia matundu madogo, wanaita athroskopi. Wanaukwangua ukingo wa kikombe mpaka mfupa utoe damu ili upone, wanatia vinanga vidogo vyenye uzi ndani ya mfupa, kisha labrumu inavutwa juu na kufungwa ukingoni pamoja na kano zake. Kama nyuma ya kichwa kuna bonde kubwa wengine wanaongeza kazi, kano ya nyuma inashonwa ndani ya bonde ili lijae lisije likanasa kwenye ukingo. Ni opresheni nzuri sana kwa mtu ambae mfupa wake bado upo.

Na kama mfupa haupo? Hapa nataka mtu asome taratibu. 2000 madaktari wawili, Burkhart wa Texas na De Beer wa Cape Town, walitoa hisabu ya wagonjwa 194 waliofanyiwa Bankart kwa kamera. Wale ambao mifupa yao ilikuwa haijaharibika sana, bega lilitoka tena kwa 4 katika kila mia. Wale ambao mfupa ulishaliwa sana, 67 katika mia. Opresheni ni ile ile, madaktari ni wale wale. Mimi niliposoma hizo namba nilimuwaza kila kijana ninaemjua anaeambiwa asubiri, atazoea, limezoea kutoka likazoea na kurudi. Kusubiri kwake si bure, analipa kwa mfupa. Tokea hapo madaktari wakawa wanapima, na kwa muda mrefu mpaka wao ulikuwa ukipungua ukingo kwa robo hivi au moja ya tano ya upana wa kikombe, kushona labrumu peke yake hakutoshi, na siku hizi wako wanaoushusha mpaka huo chini zaidi kwa wachezaji wa michezo ya kugongana.

Hapo ndo inapokuja Latarjet. Ni jina la Mfaransa wa Lyon aliyeieleza 1954. Weka kidole chini ya mtulinga, upande wa bega, ubonyeze ndani kidogo, utahisi kijifupa kinauma uma. Kinaitwa korakoidi. Daktari anakikata hicho pamoja na kano zilizoshikana nacho, anazipasua nyuzi za msuli wa mbele bila kuukata, anakipitisha kati yake, na anakifunga kwa skrubu mbili pale mbele ya kikombe palipoliwa. Kwanza kikombe kinarudi upana wake. Halafu, na hili ndo lilinifanya nitoe macho, zile kano zilizokuja na kijifupa zinakaa mbele na chini ya kiungo, na mkono ukinyanyuliwa juu na kugeuzwa nje, yani mkao ule ule wa khatari, ndo zinakaza na kukizuia kichwa. Mfuko wa kiungo nao unashonwa. Mdogo wangu ndo alifanyiwa hii, kwa sababu ya ule mstari wima tuliouona kwenye picha.

Tena nataka watu wa visiwani wajue, Latarjet haihitaji lazima kamera wala mitambo ya kutisha. Inafanywa kwa kidonda kimoja mbele ya bega, na tokea zamani duniani imefanywa hivo. Inayohitaji ni daktari aliyeizoea, mana karibu na pale zinapita neva kubwa za mkono, na kijifupa kikiwekwa kimetokeza nje kidogo kuliko ukingo kitasugua kichwa na kiungo kitaharibika, kikiwekwa ndani mno hakizuii kitu. Kwa hivyo suali la kwanza la kumuuliza daktari, kwa adabu, ni hili, hii umeshafanya nyingi? Daktari mzuri hakasiriki. Na mwambie akueleze khatari zake, zipo, vidudu kwenye kidonda, neva kuchoka au kuumia hasa ile ya kukunja kiwiko, kijifupa kukataa kuunga au kuyayuka, skrubu kusumbua baadae, mkono kupoteza kidogo ule mgeuko wa nje, na wachache bega linatoka tena. Sisi tulielezwa yote na mama akauliza la sigara, daktari akasema sigara inachelewesha mfupa kuunga, mama akamtazama mdogo wangu, na pakiti ikabaki Dar.

Wako ambao kisu si cha kwanza kwao. Mtu aliyezaliwa na viungo vilegevu, vidole vinapinda nyuma, mabega yote mawili yanacheza mbele na nyuma na chini bila ya kuwahi kuanguka, huyo anaanzia kwenye mazoezi ya miezi kadhaa chini ya mtu anaejua, na wengi wanatosheka. Na mwenye kifafa lazima kifafa kitulizwe kwanza kwa dawa, mana degedege moja linaweza kuvunja kazi yote ya daktari. Kifafa, na kupigwa na umeme pia, vinaweza vikalitoa bega kwa nyuma, na bega la nyuma linapita bila kuonekana kwenye eksirei ya mbele peke yake, mgonjwa anaambiwa hana kitu na mkono haugeuki nje hata kidogo. Ukiona hivo omba picha ya upande.

Opresheni yenyewe alilazwa usingizi, na kabla yake alipigwa sindano ya ganzi pembeni mwa shingo inayoufisha mkono mzima. Alipotoka alikuwa anauinua mkono wa kulia kwa wa kushoto na kuuweka juu ya tumbo, anaushangaa. Usiku ganzi ikaisha, na usiku huo ni mgumu, mwenye mgonjwa asisubiri maumivu yafike ndo atafute dawa, ampe kwa saa zake.

Kisha ndo yanakuja yale ambayo hayamo kwenye karatasi ya spitali. Kulala chali kabisa hawezi, tulimpangia mito akalala nusu kakaa. Kanzu haivaliki, ya kuvutia kichwani inanyanyua mkono, kwa hivyo ni shati la vifungo, mkono mgonjwa unaingia mwanzo wakti wa kuvaa na unatoka mwisho wakti wa kuvua. Kwapa linaoshwa kwa kuinama mbele mkono ukaning'inia wenyewe pale nafasi inapopatikana, unapitisha kitambaa, unakausha vizuri mana joto letu hili kwapa lisilopata hewa linachubuka. Sala alisali kwa kukaa, sijda kwa ishara, asije akaulazia mkono mwili. Mkono unakaa kwenye kile kitambaa wiki tatu mpaka sita, daktari ndo anaepanga, lakini vidole, kiganja na kiwiko vinafanyishwa kazi tokea mwanzo. Tulirudi Pemba karafuu ziko ndani, na jioni tukikaa ukumbini kuchambua alikuwa anachambua na sisi, kiwiko kimeshikana na ubavu, vidole vinatoa makonyo, na mtu wa mazoezi aliposikia akafurahi akasema endeleeni.

Wageni walikuja na mafuta. Kila aliekuja ana chupa, ana mtu wake wa kukanda, ana habari ya fulani aliyekandwa akapona. Wanakuja kwa mapenzi na siwezi kuwafukuza. Lakini bega lenye kijifupa kinachounga halikandwi wala halivutwi, na mama alikaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba akawa anawapokea kwa chai na maneno mazuri na mafuta anayaweka kabatini. Mwenye mgonjwa wa namna hii atafute mtu mzima mmoja wa kukaa mlangoni, wallahi utamhitaji. Na ukiona homa, usaha, kidonda kinazidi kuwa chekundu, au ganzi mpya mkononi, huyo anarudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mazoezi ndo nusu nyengine ya tiba na hapa ndo watu wetu wengi wanakatikia njiani, mana mkono ukishanyanyuka mpaka kinywani mtu anaona kapona. Mwanzo ni kuusindikiza tu kwa mkono wa pili ulio mzima, juu kidogo kidogo, kuugeuza nje kwa kiasi alichoruhusiwa bila kuzidisha. Nguvu zinakuja baadae, kiasi cha miezi mitatu na picha ikishaonesha mfupa unaunga. Sisi hatukununua vifaa, fundi baskeli alitupa mpira wa ndani uliokwisha kazi, tukaukata mkanda mrefu, ncha moja kwenye kitasa cha mlango, nyengine mkononi, taulo limekunjwa kati ya kiwiko na ubavu, anavuta nje anarudisha pole pole, anageuka anavuta ndani. Asubuhi na jioni. Na misuli ya mgongoni inayoshika mfupa wa bega nayo isisahauliwe, yeye alikuwa anasimama anasukuma ukuta.

Picha ya mwisho imeonesha kijifupa kimeunga na skrubu zote mbili ziko pahala pake. Takbira ananyanyua mikono yote miwili sawa. Michezo ya kugongana kwa kawaida wanaruhusu baina ya mwezi wa nne na wa sita, na yeye kesharuhusiwa kurudi golini kwa mazoezi, kuruka bado kidogo. Mkarafuu daktari kasema asipande mpaka nguvu za mikono miwili zilingane, na kwa kuwa mama hakubali kupimiwa kwa maneno, Ijumaa baada ya sala anakaa yeye mwenyewe pale mlangoni anamuhisabia anavuta mara ngapi kulia na mara ngapi kushoto. Kulia bado kuna upungufu kidogo.